Aliyesimama Kando ya Fabiola

Fabiola alirudi kutoka mnadani Dongobesh peke yake, jua la saa saba likiwaka, na mumewe akamkaribisha kana kwamba wako wawili.

"Mmerudi?" Theodory aliuliza kutoka kitandani. "Mwenzako mbona hakai?"

"Mwenzangu yupi, baba Natalia?"

"Huyo. Amevaa kanga yako."

Fabiola alicheka. Kichwa kilikuwa kikimuuma mumewe wiki ya pili sasa, na mgonjwa husema mengi. Lakini kuanzia siku hiyo madirisha yalizibwa kwa magunia, maana mwanga ulimchoma Theodory machoni, nyumba ikanuka tope la chemchemi ingawa ilikuwa kiangazi na hakuna aliyemwaga maji, naye akawa anatapika, shingo imekakamaa, ananong'onezana mchana kutwa na mtu wa upande wa kushoto wa mkewe, hadi Fabiola, aliyedharau habari za mizimu tangu shule, akajikuta anapita mlangoni kwa kujibana, kama anayemwachia mtu nafasi.

Mganga Gidahosh aliitwa kutoka Balangdalalu. Akampapasa mgonjwa kisogo.

"Jini la chemchemi. Limejaza maji kichwani."

Akafukiza, akachinja kondoo, akaondoka na paja. Jini halikuondoka.

Hospitalini, daktari Patriki naye akasema maji. "Fangasi wameingia kwenye ubongo. Maji yanabana kichwa. Tutayapunguza kwa sindano ya mgongoni."

"Hapana!" Mama mkwe, Gaudensia, alimshika Fabiola mkono. "Mdogo wake Isidori alichomwa hiyohiyo. Tulimrudisha kwenye jeneza."

"Isidori mlimleta hajitambui, mama. Mkailaumu sindano."

"Huyu atapona?" Fabiola aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wengine hufa hata tukiwachoma. Ila yeye bado anaongea. Tukingoja anyamaze, tumechelewa."

Theodory aligeuza macho, moja likabaki nyuma. "Fabiola. Mwenzako anasema msikubali."

Nywele zilimsimama Fabiola. Akachukua kalamu, akatia sahihi.

"Huyo hajaulizwa," alisema.

Maji yalitoka maangavu kama ya kunywa, tena kwa kasi, na jioni ile Theodory akaomba uji. Alichomwa mara nne, akawekewa dripu siku nyingi. Siku ya kuruhusiwa aliona mke mmoja tu.

"Dawa za UKIMWI uliziacha lini?" daktari aliuliza.

Theodory akatazama ukuta. "Pasaka. Kwenye maombi waliniambia nimepona."

Fabiola hakujua kama mumewe aliwahi kuzianza. Miaka mitatu Theodory alikuwa akizificha kwenye debe la mbegu.

"Si jini limeshatoka?" Gaudensia aliingilia. "Vidonge vya nini tena?"

"Halijatoka, mama. Limelala. Linangoja aache tena." Daktari alimgeukia Fabiola taratibu, akiwa na mpira wa kufungia mkono. "Na wewe, mama Natalia, tukupime."

Fabiola alimmiminia kwanza mumewe vidonge vya fangasi kiganjani.

"Meza," alimwambia. "Fungua mdomo nione."

Aliona. Ndipo akamnyooshea daktari mkono.