Landrova Yetu Ilibaki Juu ya Magogo

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa karibu na Ndanai. Niliishi miaka mingi katika ndoa bila mtoto… Nilipopata mimba, mume wangu Kipkirui alifurahi mpaka akawa anaimba akikama ng'ombe!

Mvua ya mwaka wa tisini na saba ilikuwa imeharibu barabara. Akasema lazima Landrova yetu iwe tayari kunifikisha hospitali Sotik. Lakini springi za mbele zilikuwa zimechoka, moja imekatika kabisa.

Fundi alikuwa yeye mwenyewe. Alimpa pesa ndugu yake Kipng'eno, aliyekuwa akienda Nakuru, amletee springi mpya. Kwa kumwamini, hakungoja. Aliinua gari kwa jeki nyuma ya nyumba, akalikalisha juu ya magogo, akatoa springi kuukuu na kumpa mfua vyuma wa sokoni. Muda si muda zikawa mapanga!

Kipng'eno akarudi mikono mitupu. Eti dukani zimeisha, tuvumilie kidogo… Tukavumilia, kuku wakilala chini ya gari.

Uchungu ulinishika asubuhi, mvua ikinyesha. Mume wangu alikimbia kwa Kipng'eno kuomba Landrova yake. Akaambiwa ameenda nayo Mulot kubeba watu wa soko. Majirani wakanibeba kwa kitanda, matope mpaka magotini… Tulichelewa. Mtoto wangu wa kiume alizaliwa kimya. Hata kulia mara moja hakulia, jamani!

Siku tuliyomzika, shemeji alikuja kutupa pole. Landrova yake, ambayo siku zote iliinama mbele, sasa ilisimama wima. Kipkirui akachutama, akachungulia nyuma ya gurudumu. Springi mpya, rangi bado inang'aa!

"Nilikuwa nimeazima tu, ndugu yangu," Kipng'eno akasema. "Si ningerudisha?"

Mume wangu hakumgusa. Alikaa kwenye matope akalia, nami nikapiga mayowe. Na mama mkwe? Aliniambia nipunguze kelele, huyo ni mwanawe pia, nimletee chai. Nikamletea! Nilimmiminia huku maziwa ya marehemu mwanangu yakilowesha blauzi yangu…

Wasomaji wenzangu, msifungue gari kabla springi mpya hazijafika mikononi mwenu, hata kama aliyetumwa mmenyonya titi moja. Na nyinyi akina mama, mkiambiwa mmhudumie mtu wa namna hiyo, kataeni! Mimi sikukataa. Hata nilimuuliza kama sukari imetosha.