Kuvu wa Bochaberi

Mwaka wa 1974, kila asubuhi kabla ya kengele kulia, Bochaberi wa darasa la saba alikwenda kwenye dirisha la darasa kuutazama kuvu wake. Ulimea juu ya punje za mahindi ya kuchemsha, ndani ya bakuli mbili. Moja ilikuwa na maji ya mto, nyingine maji ya kidimbwi cha samaki. Kuvu wa mtoni ulikuwa na nyuzi ndefu nyeupe. Wa kidimbwini ulikuwa mfupi, umejaa vidonge vidogo.

"Hizi ni aina mbili!" alitangaza, na ule mfupi akauandikia kibao: KUVU WA BOCHABERI. Shule yao ya Nyaramba ilivimba kichwa. Hata watoto wa darasa la kwanza walimwita Mama Kuvu, naye, tusifiche, alitembea kwa maringo.

Ijumaa angekuja Bi. Kusum, mwalimu wa sayansi kutoka Kisii mjini, kuchagua watakaokwenda kwenye maonyesho ya sayansi huko. Wiki hiyo Bochaberi alijiuliza: je, nikibadilisha maji? Akachemsha maji ya mto na ya kidimbwi ili kuua kuvu uliokuwamo. Yalipopoa, akayamimina katika bakuli mbili nyingine, akatia punje mpya, akahamisha nyuzi za mtoni kwenye maji ya kidimbwi, na za kidimbwini kwenye maji ya mto.

Ijumaa asubuhi alizichungulia bakuli hizo mpya. Ule mfupi ulikuwa umerefuka. Ule mrefu umefupika, na vidonge tele. Kumbe ulikuwa kuvu wa aina moja tu, maji ndiyo yaliyoubadilisha sura.

"Nyamaza tu," Ondieki, mwenzake wa dawati, alimnong'oneza. "Nani atajua? Sisi tunataka kwenda Kisii!"

"Bakuli zenyewe zinasema, Ondieki. Nisimame hapa niseme uongo?"

Bi. Kusum alipofika, machozi yakimlengalenga, Bochaberi aling'oa kibao chenye jina lake mbele ya mgeni, akaeleza yote.

Bi. Kusum aliinama juu ya bakuli, akatazama kwa lenzi, kisha akacheka kwa furaha na kumgeukia mwalimu wa darasa.

"Mwalimu Nyamweya, huyu ndiye nitakayempeleka. Aje na bakuli zote nne."

"Buya mono! Vizuri sana!" Mwalimu Nyamweya alipaza sauti, kifua mbele. Akawageukia wanafunzi. "Watoto wangu, kila mtu hupenda jina lake likae juu. Lakini ukiujua ukweli, useme, hata ukikupunguzia sifa. Mimi leo najivunia kuitwa mwalimu wa Bochaberi."