Dobi Aliyeona Aibu

Kila alasiri, akitoka shule, binti wa dobi alijipenyeza kati ya mashuka yaliyoanikwa uani. Upepo uliyapandisha na kuyashusha polepole, kweupe kila upande, naye akajiona anaelea angani. Baba yake akambandika jina, Bi Wingu. Mwenyewe alikuwa barazani akipiga pasi, mvuke umemzunguka, na kila akimaliza shati moja alikohoa.

Kikohozi kiliingia mwezi wake wa pili. "Ni huu mvuke tu," alisema. Mvuke gani, jamani, unaomlowesha mtu jasho usiku kucha na kumkondesha mpaka suruali inamvuka?

Mama alimbana mpaka baba akaenda zahanati. Muuguzi akampa kikopo, akamwagiza akohoe kwa nguvu asubuhi na kuleta makohozi mazito ya kifuani. Asubuhi Bi Wingu alimwona baba akisukutua mara tatu, kisha akatema kikoponi mate meupe, masafi.

"Nimpelekee mtoto wa watu uchafu? Mimi, dobi mzima!" alisema, akamkonyeza.

Majibu yakaja: vijidudu havikuonekana. Baba akashangilia, akarudi kwenye pasi yake.

Siku moja, bado yumo katika ndoto zake za mawinguni, Bi Wingu aliokota leso ya baba chini ya kamba. Ilikuwa na damu. Akamfikiria mdogo wake mchanga, anayelala kifuani pa baba kila mchana. Kumsema baba ni kumwaibisha, na kunyamaza je? Alitimua mbio hadi zahanati.

"Dada, yale yalikuwa mate tu," alisema huku analia. "Baba aliona haya."

Muuguzi alimwita dobi, akamketisha nje penye hewa, akamfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kutoka ndani kabisa. Safari hii kipimo kilisema kweli: kifua kikuu. Akaanzishiwa vidonge vya kila siku, miezi sita bila kuruka. Madirisha ya nyumbani yakafunguliwa, mama na watoto wakapimwa, na yule mtoto mchanga akapewa dawa ya kinga.

"Umenichongea, Bi Wingu," baba alisema, macho chini.

"Ndiyo, baba. Nilikuogopa, lakini niliogopa zaidi kukukosa."

Baba aliinua macho, akamtazama.

"Umefanya vyema, mwanangu. Mimi nilitaka kuonekana msafi mbele ya muuguzi, nikamficha kile kile nilichokwenda kutibiwa. Ukiugua, mwonyeshe yote, hata yanayokutia aibu. Aibu yangu nusura iwaue ninyi."