Mfereji Mkavu wa Papa Ignace

Maji yalianza kulia kabla bomba halijafungwa.

Vénérand alikuwa amepiga magoti ndani ya mfereji wa bustani, saa saba mchana, anapanga vigae vya bluu, akasikia chini yake: chururu, chururu. Akagusa. Kavu. Mwaka ule wa 2016 ukame ulikuwa umeibana Johannesburg mpaka kumwagilia nyasi mchana kumekatazwa, na fundi bomba alikuwa hajafika. Kisha ikaja harufu ya waridi, waridi lililochacha, kama mafuta yaliyosahauliwa kabatini mwa marehemu.

“Upepo,” akasema, akaendelea. Mrundi yule hakukosa jibu hata siku moja, na ndilo lililomponza.

Kiwanja kilikuwa mtaa wa La Rochelle, mali ya Papa Ignace, Mkongomani wa Lubumbashi aliyetajirika kwa vipuri vya magari, akaona simuni picha ya nyumba ya mapumziko ya wafalme wa Kimughali. Huko India mfalme akiwa safarini alishuka kwenye tembo, akalala siku tatu katikati ya maji na maua, akaondoka. Papa Ignace akaitaka hiyo hiyo, ya kukodisha kwa harusi. Vénérand akamwambia, bila kupepesa jicho, kwamba za namna hiyo amejenga tatu, huko huko India. India! Mtu ambaye mwisho wake wa mashariki ni Kigoma!

Basi nyumba ikainuka, na mimi nasema choo cha soko kina heshima zaidi. Kuba la fiberglass, limekaa kama sufuria iliyofunikwa. Miti mirefu ya plastiki. Bustani ya kifalme hugawanywa na mifereji robo nne zinazolingana. Hii ilikuwa na tatu, ya nne imeachiwa magari. Kitu cha kweli kilikuwa kimoja: dirisha la jiwe jekundu, limetobolewa maua kama kimia, Papa Ignace alilinunua kwa muuza vikorokoro aliyeapa kwamba limetoka kwenye nyumba moja ya wafalme hao, iliyobomolewa. Fundi wetu wa India akalijenga juu chini. Maua yakaning'inia kama popo.

Fundi akimaliza ukuta huandika jina kwenye plasta mbichi, padogo, nyuma ya mlango. Vénérand aliandika juu ya kiti cha mfalme, pa kukaa bwana harusi, herufi kubwa kama mkate: VÉNÉRAND, FUNDI WA WAFALME.

Kesho yake plasta yote ikaanguka. Ikabaki ile yenye jina.

Akapiga upya, ikaanguka. Jumatano adhuhuri jua likapita kwenye dirisha likamwaga vivuli vya maua sakafuni, na katikati ya vivuli pakawa na kivuli cha mtu mwenye kilemba, ameketi, na kwenye kiti hapakuwa na mtu, na Vénérand akataka kukimbia lakini miguu ikawa mizito kama imezamishwa kwenye saruji, na harufu ya waridi ikamjaa kooni mpaka akahisi petali zikimkwama, na maji yasiyokuwapo yakapanda yakamzunguka vifundo vya miguu, baridi, huku suruali yake imebaki kavu.

“Hii ndiyo nyumba?” sauti ikauliza, taratibu, kama mtu anayenusa samaki. “Tembo wa bwana wangu asingekunya hapa.”

Papa Ignace alipomkuta analia alimpa maneno mawili tu. “Eish, Vénérand. Harusi ya kwanza ni Jumamosi. Plasta isiposhika, natafuta fundi mwingine, na La Rochelle nzima itajua kwa nini.”

Jeannine, mke wa Vénérand, msusi wa Rosettenville, ndiye aliyemleta Mzee Vuai, Mpemba anayeuza viungo Malvern na kupunga majini. Papa Ignace, shemasi mzima, alikubali kwa sharti kwamba mchungaji asijue. Ijumaa mchana Vuai akafukiza ubani, akasoma, akaita. Kivuli kikakaa sakafuni.

“Nani wewe, na nani kakuita?”

“Mimi ni mtunza maji. Nyumba yangu ilivunjwa nikabaki kwenye jiwe la dirisha hili, namsubiri mfalme. Huyu ameandika jina lake mahali pa mfalme, amesema wafalme wanamjua. Aseme tena, mbele ya tajiri wake. Akiwa mwongo, akiri, nami narudi jiweni, mlitupe. Akiwa kweli ni wa wafalme, nitamtumikia popote alalapo.”

Vuai akamshika bega. “Yakhe, kiri. Neno moja tu, tukale.”

Vénérand akamtazama Papa Ignace. Papa Ignace alikuwa amekunja mikono.

“Baba Carmel,” Jeannine akamnong'oneza mumewe, “sema tu. Kazi tutatafuta nyingine.”

“Unataka nichekwe na Wakongomani?” akamjibu kwa chini. Kisha akatunisha kifua. “Mimi ni fundi wa wafalme. Tatu nimejenga. India.”

Kikapita kicheko chembamba, kama mwiko ukikwaruza jiwe. Dirisha likapasuka katikati. Harufu ikakatika, mfereji ukanyamaza.

“Ameondoka!” Papa Ignace akapiga makofi. “Sharp! Sharp, fundi wangu!”

Vuai hakupiga. Alikusanya chetezo chake, akakataa hata soda.

Jioni ile plasta ikashika. Jumamosi watu wakacheza harusi, na Vénérand akapita meza kwa meza akisimulia jinsi alivyomkemea jini kwa Kihindi.

Jumatatu asubuhi, chumbani kwao Rosettenville, Jeannine alijikwaa kwenye uzi mwekundu. Umevutwa ukuta kwa ukuta, mwingine umeukata katikati, umenyooka kuliko uzi wowote aliowahi kuvuta mumewe. Chumba kimegawanyika robo nne, zote sawasawa. Kitanda kipo katikati kabisa, na Vénérand juu yake, macho wazi, amenyooshwa mikono kama maiti iliyoandaliwa. Shuka imejaa petali.

“Baba Carmel, nani amefunga huu uzi?”

Vénérand akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na jibu.

Chini ya kitanda: chururu, chururu. Sauti ikauliza, kwa adabu nyingi mno:

“Mfalme hulala siku tatu, halafu huondoka. Leo ya ngapi?”

Jeannine akahesabu tangu Ijumaa usiku, kwa vidole. Cha tatu kikabaki hewani.