Pikipiki ya Maji ya Nawoitorong

Soko la Kakuma lilikuwa limefurika siku hiyo. Atiir alijipenyeza kati ya mikokoteni ya mitungi na magunia ya unga, rinda lake la kitenge cha rangi ya machungwa likishika vumbi, shanga alizopewa na mama yake zikicheza shingoni. Mkononi alibeba kabureta kuukuu, ameifunga kwenye gazeti kama samaki. Alikuwa ametoka Lodwar alfajiri, na kila duka la vipuri alilouliza lilimcheka.

Nyuma ya kaunta ya duka la mwisho alisimama kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi vizuri, lakini vidole vyake vimejaa grisi.

"Hii ni ya pikipiki gani, dada?"

"Ya maji."

"Pikipiki ya kubeba maji?"

"Ya kukimbia juu ya maji."

Wateja waliangua kicheko. Yule kijana hakucheka. Aliifungua kabureta, akainusa, akakunja uso.

"Imelala sana, hii. Petroli imegeuka gundi. Nani amekuuzia?"

"Sikuuziwa. Baba alikuwa mlinzi wa hoteli moja kule ziwani. Ilipofungwa, mwenye hoteli akamwachia chombo hicho badala ya kwaheri. Tangu hapo kimekaa uani kwetu Nawoitorong, pale Lodwar, kuku wanatagia ndani."

"Na wewe unataka kufukuza kuku?"

"Nataka kukipeleka Eliye, ufuoni, wageni wapande. Nimechoka kuosha sahani za hoteli za watu."

Kijana alimtazama upya, taratibu, kama mtu aliyesikia jambo la maana. "Injini kama hii ni ile ya kuchanganya oili na petroli. Jenereta za zamani ziko hivyo hivyo. Nitakutafutia ngozi za ndani za kabureta. Mimi naitwa Alier."

"Atiir."

"Alier, Atiir. Majina yetu kama ndugu."

"Usiniite ndugu mapema hivyo," alisema Atiir, na midomo yake ikacheka kabla hajaizuia.

Aliiacha kabureta, akaondoka na namba ya simu ya Alier. Kabla gari halijafika Lodwar, Alier alikuwa amepiga kuuliza kama amefika.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alier hangeweza kutoka kambi ya wakimbizi bila kibali, kwa hiyo kazi ilifanywa na Atiir na maelezo yakapita hewani. Kila alipotoka kazini alivaa ovaroli ya zamani ya baba yake, akakunja miguu ya suruali, akaegemeza simu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliosha chumvi ya ziwa iliyokuwa imeganda kila kona. Alibadilisha nyaya zilizotafunwa na panya. Alifunga kabureta iliyorudishwa kwa gari, ikiwa na ngozi mpya ndani. Aliziba ufa wa ubavuni, akasugua feni ya kusukuma maji hadi ikang'aa.

"Ejok, fundi wangu?" Alier alianza kila mara. Salamu za Kiturkana alizijua tangu utotoni, maana aliletwa Kakuma akiwa amebebwa mgongoni.

"Ejok-noi. Fundi wako ana oili hadi kwenye nyusi."

"Nionyeshe."

"Aka! Nikuonyeshe nyusi au plagi?"

"Anza na nyusi, mpenzi. Plagi haiendi popote."

Mama yake, akipepeta mtama kando, aliguna. "Atiir, unaongea na injini au na mtu?"

"Na wote wawili, mama."

Lakini kazini, jikoni, Chepngetich alikuwa na maneno yake. Alikuwa mpishi, na alimpenda Atiir kwa dhati. "Mdogo wangu, jichunge," alimwambia wakikausha glasi. "Watu wa kambini huitwa kuhamia ng'ambo wakati wowote. Leo ni mpenzi, mpenzi. Kesho yuko Kanada, umebaki na namba isiyopatikana." Atiir alicheka, lakini maneno yale yalimganda moyoni kama ile chumvi.

Siku ya kuwasha injini ikafika. Ilikuwa Jumamosi, upepo ukivuma, mchanga ukigonga mabati. Atiir aliunganisha mpira wa maji kwenye tundu la kupoza injini, kama alivyoelekezwa. Baba yake, mzee Ekeno, alisimama kando na kigoda chake mkononi, hataki kukaa.

"Alier, niko tayari. Nianze na nini?"

Mtandao ulikwaruza. "Kwanza ... maji ... usisahau, kwanza ..."

"Maji kwanza?"

"... ndiyo ... halafu ..."

Simu ikakatika. Atiir akafungua bomba, akaacha maji yaingie, ndipo akabonyeza kitufe. Injini ilitoa mlio mmoja mkavu, tk, kama jino linalovunjika. Akabonyeza tena. Kimya. Maji yakaanza kuchuruzika mahali ambapo hayakutakiwa kuwepo.

Mzee Ekeno akakaa.

Alier alipopatikana tena, Atiir alimfokea. "Umeniambia maji kwanza!"

"Hapana! Nimesema kwanza washa, ndiyo maji. Ukifungua maji injini imelala, inakunywa yote. Atiir, sikiliza, haraka sana utoe ..."

"Nisikilize nini tena? Kwako ni mchezo. Wewe ni mtu wa kambini, Alier. Siku moja utaitwa, utapanda ndege, mimi nitabaki hapa na chuma hiki kibovu!"

Atiir alizima simu, akaingia ndani, akajifunika shuka gubigubi na joto lote lile.

Kulipopambazuka, macho yamevimba, aliwasha simu. Ujumbe wa Alier uliingia mmoja baada ya mwingine, wa kwanza ukiwa umetumwa dakika chache tu baada ya ugomvi. "Toa plagi zote. Zungusha injini maji yatoke. Mimina oili ndani ya silinda. Usingoje, itashika kutu." Kisha: "Atiir, tafadhali, fanya hiyo." Na wa mwisho: "Nikasirikie baadaye. Okoa injini kwanza."

Atiir hakunawa hata uso. Alikimbia uani na spana. Plagi zilipotoka, akabonyeza kitufe, na maji yakaruka juu kama chemchemi, yakamlowesha nywele. Akazungusha tena na tena hadi likatoka vumbi la maji tu, kisha hewa kavu. Akamimina oili. Akarudisha plagi zilizokaushwa juani. Mara hii aliwasha kwanza. Injini ilikohoa, ikatapika moshi wa buluu, ikanguruma hadi kuku wakaruka ua. Ndipo akafungua maji.

Mzee Ekeno alipiga makofi, mama akapiga vigelegele. Atiir peke yake alikuwa analia.

"Sasa nini?" mama aliuliza.

"Naenda Kakuma."

Alivaa rinda lile lile la machungwa. Dukani hakumkuta Alier. Alimkuta dada yake, Abul, mwanamke mrefu aliyejitanda shuka la samawati, na uso wake haukuwa na karibu yoyote.

"Wewe ndiye wa Lodwar?"

"Ni mimi, dada. Nimekuja kuomba msamaha."

"Maneno yako niliyasikia, simu ilikuwa kwa spika. Kaka yangu hajaitwa nchi yoyote. Kitu ameomba ni kibali cha kuja kwenu, amsalimie baba yako. Kimetoka juzi. Alitaka kukushangaza."

Atiir alikosa pa kuweka macho. Alier akatokea mlango wa nyuma, ameshika bisibisi, akasimama.

"Imewaka," Atiir alisema.

"Imewaka kweli?"

"Kweli. Alier, niliogopa kuachwa, nikakutupa kabla hujanitupa. Hukustahili maneno yale."

Alier aliweka bisibisi kwenye kaunta. "Yaliniuma. Mtu wa kambini, hilo naitwa kila siku. Sikutegemea litoke kwako."

"Halitatoka tena."

"Basi," alisema polepole. "Basi, mpenzi. Nipeleke nione hiyo kitu ikiogelea."

Abul aliguna, lakini alimpa mgeni kiti na chai.

Alier alifika Nawoitorong na kibali mfukoni, akamsalimia mzee Ekeno. Kisha walikipakia chombo kwenye pikapu ya jirani, mzee Ekeno akiwa mbele na dereva, wao wawili nyuma. Baada ya kilima cha mwisho cha mchanga, Alier alishika ukingo wa gari. Ziwa lilikuwa limejilaza mbele yao, la kijani, halina ng'ambo. Karibu maisha yake yote aliishi upande huu wa nchi, na hakuwahi kuliona.

"Hii yote," alisema kwa sauti ndogo, "ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapa tu."

Upepo ulipopungua walilisukuma dude majini. Atiir alishika usukani, Alier nyuma yake, jaketi la kuokoa maisha limembana hadi kidevuni. Chombo kiliruka, kikakata maji, Alier akapiga kelele kwa Kidinka, lugha ya kwao, Atiir akacheka hadi akakohoa. Mbali na ufuo alizima injini, na maji yakawapembeza.

"Atiir, sijui kuogelea."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Nina lingine pia. Nataka wajomba zangu wakae na baba yako, waongee mambo ya ng'ombe wa mahari."

"Baba atataka ngamia."

"Ngamia!" Alier alishtuka, chombo kikayumba, akamshika kiuno kwa mikono yote miwili. "Sisi hatujui ngamia."

"Mtajifunza." Atiir aliweka mkono wake juu ya ile mikono, akaibana. "Waambie wajomba waje."