Damu Mikononi mwa Mchumba wa Zamani

— Wewe unafanya nini hapa?

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mshonaji, ambaye mumewe alikuwa anapasuliwa moyo siku hiyo. Kwenye korido ya chumba cha upasuaji alikuwa amesimama mwanamume aliyewahi kumvisha pete ya uchumba, pete ambayo mshonaji alimrudishia ili aolewe na rafiki kipenzi wa mwanamume huyo huyo.

— Nipo kazini, shemeji. Mashine ya damu ni yangu.

— Mashine gani? aliuliza, neno shemeji likimchoma.

— Mumeo akipasuliwa moyo atavuja damu. Naifyonza, naiosha, namrudishia mwilini. Ni yake mwenyewe, mwili hauikatai. Tena damu ya kundi lake ni adimu, akiba leo ni mfuko mmoja.

— Kwa hiyo damu ya mume wangu...

— Itapita mikononi mwangu.

Akabonyeza simu yake, akaiweka mfukoni, akapandisha barakoa, akaingia. Mkobani mwa mshonaji simu ya mumewe ilitetemeka. Nani angekuwa na hamu ya simu saa hizo? Mshonaji alimfuata wifi yake benchini.

— Wifi, ni yule.

— Yule uliyemwacha kwenye mataa? Na kaka yangu kalala humo ndani, hajitambui?

— Nikawaambie wamtoe huyo wa mashine?

— Kimbia.

Muuguzi alimzuia mlangoni.

— Dada yangu, kifua kinafunguliwa sasa, hatuwezi kubadilisha mtu.

Akarudi kukaa. Baadaye muuguzi mwingine alipita mbio na kiboksi cha baridi cha kubebea damu, bila kumtazama mtu. Wifi akaanza kulia. Mshonaji hakulia, alikuwa anaogopa mno.

Hatimaye yule mtu wa mashine alitoka, matone ya damu kwenye aproni.

— Amevuja kuliko tulivyotegemea.

— Umemuua, alisema mshonaji.

— Anapumua. Damu yake mwenyewe imemtosha, ule mfuko haujaguswa.

Mshonaji akaegemea ukuta.

— Ungeweza kutulipizia kisasi. Kwa nini hukufanya hivyo?

— Fungua simu ya mumeo.

Akaitoa simu mkobani, akaufungua ujumbe ambao mumewe aliutuma jana yake:

"Ndugu yangu, nilikunyang'anya mchumba na sikuwahi kukuomba radhi. Naomba sasa. Nimeambiwa kwenye mashine hiyo hakuna kama wewe, nimemwomba daktari akupange. Ukikataa nitaelewa. Mke wangu asijue, atazimia bure."

Chini yake palikuwa na jibu, lile lililoitetemesha simu mkobani:

"Pona kwanza. Ugomvi wetu nataka tuumalize ukiwa umesimama."

— Akizinduka msomee, shemeji, alisema.

Safari hii neno hilo halikumchoma. Hapo ndipo mshonaji alipolia.