Neno Moja Lililomponza Yuleisy

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Yuleisy alimsaidia mama yake kukanda unga wa mahindi na kuoka arepa, vimikate vya kwao, za kuuza. Tangu wahame Venezuela na kuja kuishi Cedros, kusini mwa Trinidad, alikuwa na kazi nyingine pia: kumtafsiria mama Kiingereza. Kazi hiyo ilimtia majivuno. Hata neno likimpiga chenga, alibuni maana na kuendelea.

Wiki hiyo mdogo wake, Moisés, alibanwa na kifua. Daktari wa zahanati alitoa dawa mpya, kisha akainyooshea kidole chupa ya dawa ya zamani waliyokuja nayo. “Hiyo, drop,” akasema.

“Anasemaje?” mama aliuliza.

Darasani, Yuleisy alifundishwa kwamba drop ni tone la maji. “Anasema hiyo ya zamani tumpe matone machache, pamoja na mpya.”

“Una hakika, mwanangu?”

“Ay, mama! Kwani mimi sijui Kiingereza?”

Kesho yake mchana, Moisés alilala akawa haamki. Mama alimtikisa, akamnyunyizia maji usoni. Wapi! Shingo ililegea mkononi mwake.

“Moi! Moi wangu, nifungulie macho!”

Yuleisy alisimama mlangoni. Kiingereza chake chote hakikuwa na neno la kumwamsha mdogo wake.

Jirani yao, mzee Boodram, alisikia kilio akaja mbio. “Leteni mtoto garini! Nitawa-drop hospitali!”

Yuleisy alirudi nyuma. Tone tena?

“We binti, umeganda nini? Nimesema nawapeleka! Panda!”

Gari liliondoka. “Mjomba,” aliuliza kwa sauti ndogo, “daktari akisema mu-drop dawa, anataka nini?”

“Anataka muiache, basi. Msiiguse tena.”

Yuleisy alimtazama mama, aliyekuwa akimpulizia Moisés usoni.

Hospitalini, nesi aliuliza, “Mtoto amekunywa nini?”

Angeweza kunyamaza. Lakini midomo ya Moisés ilikuwa imepauka. “Dawa mbili,” alisema huku machozi yakimtoka. “Ya zamani tuliambiwa tuiache. Sikuelewa, nikajifanya najua.” Kisha akamgeukia mama, akayarudia maneno hayohayo kwa Kihispania.

Mama hakumkaripia. Alikaa tu kwenye benchi, mikono mapajani, akiukodolea macho mlango waliompitishia mtoto. Yuleisy aliona heri angepigwa. Hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Jua lilikuwa linazama nesi alipotoka. “Ameamka. Anataka maji, na ana hasira kweli! Umefanya vyema kusema, binti. Tumejua mara moja pa kuanzia.”

Yuleisy alipomtafsiria, mama alilia, kisha akamvuta kifuani.

“Nisikilize,” alisema. “Kutojua neno si kosa, mimi mwenyewe siyajui mengi. Kosa ni kunificha. Sihitaji binti anayejua kila kitu. Nahitaji binti ambaye, asipoelewa, ataniambia, ‘Mama, ngoja kwanza, niulize tena.’”